Mahali Panaposamehe Mkono

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alistaafu kutoka ofisi ya upimaji wa ardhi akiwa na jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Walimwita Bi Rula. Aliingia pale akiwa binti, kapewa kazi ya kupiga chapa, na wakati wenzake wakienda kula mchana yeye alibaki akinakili ramani za wakubwa kwenye migongo ya karatasi zilizoharibika, mpaka mkuu wa wachoraji alipomfumania na badala ya kumfokea akampa kiti. Toka hapo hakuinuka. Aliweza kuvuta mstari kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi wa pili bila kuegemeza mkono popote, kisha mtu akija na rula ya kweli kuuhakiki, rula ndiyo ionekane imepinda. Hapo natia chumvi, lakini si kijiko kizima. Wenzake walisema barabara za mji huu zilinyooka kwa kumwogopa yeye, naye aliupenda sana utani huo, ingawa kila ulipotajwa alikunja uso kama mtu aliyetukanwa.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Dirisha linatazama uani kwa jirani, mahali panapoanikwa mashuka, na upepo ukipita kivuli cha mashuka hayo kinatembea ukutani, kinapita juu ya meza, juu ya skrini, juu ya uso wa shangazi mwenyewe. Kuna feni ya mezani inayogeuza shingo. Ikifika upande wa ukuta inakwama, unaipiga kofi, inarudi. Ukikaa humo alasiri utajikuta umesahau ulikuwa unakwenda wapi. Mimi ni mtu wa haraka. Naandika programu za mashine za kukatia tiketi, kazi ambayo bosi anauliza imefikia wapi kabla hajakwambia anataka nini, na hata mimi nilikuwa nikiingia chumba kile naanza kupiga miayo kabla sijavuta kiti.

Juu ya meza kuna ubao wake wa kuchorea, bapa jeusi lenye ukubwa wa sinia, na kalamu isiyo na wino. Ubao unaunganishwa na kompyuta kwa waya. Unachora juu yake kwa ile kalamu, na mstari unatokea kwenye skrini. Wenzake walimzawadia siku ya kumuaga. Kwa ubao huo alikuwa amewachorea majirani ramani za viwanja na shule ramani ya bustani yake, na sasa alikuwa amepata kazi aliyoipenda kuliko zote. Hospitali ya karibu na kwetu imejengwa vipande vipande, jengo likibandikwa kwenye jengo, mpaka korido zake zimekuwa kama nywele zisizochanwa. Mganga mkuu aliomba ramani kubwa ya kubandika ukutani. Shangazi alizunguka humo na tepu yake ya kupimia, na siku aliyorudi hakuzungumzia vipimo hata kidogo. Alimzungumzia mzee mmoja aliyebeba bahasha ya picha za eksirei, aliyekuwa akipita mlango ule ule kila mara na kuona haya kuuliza tena.

"Ramani hii namchorea yule mzee," alisema. "Wengine watafaidi tu."

Basi fikiria nilivyoshtuka aliponipigia simu kuniambia kazi imesimama.

"Ni wewe," alisema, hata salamu hakuna. "Tangu uliposasisha hii kompyuta yangu, ubao umeota pembe. Navuta mstari mnyoofu, wenyewe unaniletea mawimbi."

Sipendi kusingiziwa. Nilikwenda nimefura kama andazi. Yeye alikuwa jikoni, nikakaa kwenye kiti chake, nikachukua kalamu nikavuta mstari. Mkono wangu mimi hauwezi hata kukata mkate ukakatika sawasawa, lakini mstari ulitoka mzima, hauna wimbi wala kikohozi. Nikavuta wa kushuka, wa kupanda, wa mshazari. Ubao ulikuwa salama kabisa. Nikajiandaa kumpa shangazi yangu vidonge vyake.

Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Vikombe vilikuwa vinagongana na visahani, kwa sauti ndogo, mfululizo, kama meno ya mtu mwenye baridi. Mume wake, ambaye ukoo mzima tunamwita Kapteni kwa kuwa zamani alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya ofisini, aliinuka kwenye kochi la pembeni kana kwamba ameinuka kwa shughuli nyingine kabisa, akapita karibu naye, na sinia likajikuta mikononi mwake. Akamimina chai. Kikombe changu akakijaza, chake akakijaza, cha shangazi akaishia nusu. Hakunitazama. Shangazi alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa akiangalia dirishani.

Vile vidonge nikavimeza mwenyewe.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona," nikasema. "Inawezekana ni mfumo, shangazi. Inawezekana kuna kitu kilibadilika kule ndani."

Uongo huo ulinitoka mwepesi kuliko ukweli wowote niliowahi kusema. Ningefanyaje? Nimwambie Bi Rula kwamba kilichoharibika ni mkono wake? Nani aanze? Kapteni mwenyewe, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alikuwa amechagua kusema kwa birika.

Ubaya wa kumdanganya mchora ramani ni kwamba atataka kupaona.

"Kule ndani wapi?" akasema. "Nionyeshe."

Nikamweleza, nikidhani maelezo yatamchosha. Ndani ya kompyuta kuna programu ya chini kabisa inayoitwa kiini. Ndiyo inayoamka kwanza, ndiyo inayogawa kumbukumbu na zamu za kazi, na ndiyo inayopokea kila kitufe kinachobonyezwa na kila kalamu inayogusa ubao, kabla programu nyingine yoyote haijajua. Mfumo aliokuwa akiutumia shangazi ni wa wazi. Msimbo wa kiini chake, yaani maandishi ambayo watu waliyaandika ili mashine ifanye hayo yote, unasomeka na yeyote mwenye muda.

"Muda ninao," alisema. "Ni mkubwa?"

"Mkubwa sana. Maelfu kwa maelfu ya mafaili. Sidhani kama kuna mtu aliyeusoma wote."

Nilimwona akijiweka sawa kwenye kiti, na macho yake yakapata ule mwanga wa mtu aliyeambiwa kuna bonde ng'ambo ambalo halijapimwa. Nikajua nimejitakia.

Nikaushusha msimbo kwenye kompyuta yake na kuweka kihariri, ile programu ambayo sisi watu wa msimbo tunaandikia na kusomea. Uzuri wake ni kwamba ukiweka kishale juu ya jina lolote na kubonyeza, kinakupeleka pale jina hilo lilipoelezwa. Kutoka hapo unabonyeza jina lingine, unakwenda mbele, na ukipotea kuna kitufe cha kukurudisha ulikotoka. Lakini ili kifanye hivyo, lazima kwanza kipite kila faili na kutengeneza faharasa ya majina yote. Hapo ndipo tulipokorofishana. Kiini kile kimeandikwa kiweze kukaa kwenye mashine za kila aina, kuanzia simu za mkononi hadi mitambo yenye ukubwa wa kabati, na kila aina ina sehemu zake. Mimi nilitaka sehemu za wengine tuziache.

"Kwa hiyo ramani yangu iwe na mapengo?"

"Si mapengo, shangazi. Ni kuacha yasiyotuhusu."

"Ofisini kwetu aliyeleta ramani yenye doa jeupe alirudishwa porini akalipime. Weka yote."

"Kompyuta itazidiwa."

"Itapumzika ikimaliza. Weka yote, mwanangu, usinifundishe ramani."

Nikaweka yote. Feni ya ndani ya kompyuta ikaanza kulia, ile ya mezani ikaendelea kugeuza shingo, na shangazi akakaa katikati ya feni mbili akitazama asilimia zikipanda, ametulia kama anayesubiri maji yachemke. Kapteni alisinzia kwenye kochi, akaamka, akauliza kama tumefika, akasinzia tena. Mashuka ya jirani yalikauka na kuanuliwa kabla faharasa haijaisha.

Kuanzia hapo nikawa napita kwake kila nikitoka kazini, jua likiwa bado lipo. Nilitegemea angechoka mwenyewe, ajisahaulishe, na mambo yaishe kimyakimya. Hakuchoka. Nilimkuta kaketi, mkono mmoja kauficha mapajani, mwingine anabonyeza kwa kidole kimoja tu inapobidi, na uso wake una utulivu wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Alinisimulia alikofika kama msafiri.

"Leo nilikuwa kwenye saa," ananiambia. "Kuna mahali hawafanyi kitu kingine ila kuhesabu mapigo. Ukiteremka kuna ghala la kumbukumbu, wanagawa vyumba halafu wanavidai tena. Na humo mtu kaandika pembeni: sijui kwa nini mstari huu unasaidia, lakini ukiutoa mashine inalala na haiamki. Mtu mzima! Kaandika hivyo hivyo, kawaachia wenzake, kaenda zake."

"Wako wengi wa namna hiyo."

"Nimempenda."

Nami niliyekuja na haraka zangu nikawa nakaa. Kivuli cha mashuka kinapita juu ya msimbo, maneno yanafifia na kurudi, shangazi anabonyeza jina, tunaingia kwingine. Wakati mwingine nilisinzia hapo hapo, nikaona korido ndefu nyeupe ambayo milango yake yote ina majina, na kila mlango ukiufungua unakuta korido nyingine, na mtu aliyekuwa amekaa hapo ametoka sasa hivi tu, kiti chake bado kina joto. Nikizinduka sijui kama niliota au nilikuwa nasoma. Miaka yote nimeandika programu zangu juu ya kiini hicho na sikuwahi kuteremka kukitazama, kama mpangaji asiyejua nyumba yake imesimama juu ya nini. Nilifurahi, lazima niseme. Na nilifurahi zaidi kwamba hatufiki, kwa sababu tukifika ingebidi mmoja wetu aseme.

Lakini hospitali ilikuwa macho. Mganga mkuu alipiga simu, Kapteni akapokea, akasema mama yuko bafuni. Akapiga tena, mama katoka kidogo. Alipopiga mara nyingine shangazi alimnyang'anya Kapteni simu, akazungumza kwa heshima zote, akaikata, kisha akageukia skrini bila kuiona.

"Wanataka kuibandika kabla ya kufungua jengo jipya," alisema. "Nimewaomba wanivumilie hadi mwisho wa mwezi. Tusipopaona hapo panapoharibu mistari yangu, nitawaambia wamtafute mtu mwingine. Na ubao huu utauchukua wewe. Mimi sitachora tena."

Alisema kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya. Nikamwambia anionyeshe alikofika.

Alikuwa anafuata pale mashine inapoamshwa na kalamu. Kalamu ikigusa ubao, ubao unabisha hodi, na kiini kinaacha shughuli zake kuupokea. Alikuwa amebonyeza jina la funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, ya kupokea hodi hiyo, kihariri kikamletea orodha ndefu ya mahali ambapo jina hilo hilo limeelezwa, naye akachukua la kwanza. Tangu hapo alikuwa ametembea, siku baada ya siku, faili kwa faili, bila kuruka hata moja. Nikatazama juu ya skrini, pale inapoandikwa njia ya faili. Nikatazama tena.

"Shangazi," nikasema. "Hapa si kwetu."

"Kivipi si kwetu?"

"Hii ni sehemu ya ile mitambo mikubwa. Kila aina ya mashine ina njia yake ya kupokea hodi, na zote zimepewa jina moja. Haya uliyoyasoma, kwenye kompyuta hii hayafanyi kazi. Yameandikwa, lakini hayakujengwa, hayakugeuzwa kuwa programu inayotembea humu."

Kapteni, kwenye kochi, akafumbua jicho moja.

"Siku zote hizi," akasema shangazi polepole, "nilikuwa naranda kwenye mji wa watu?"

"Na unawasalimia mpaka walinzi."

Akacheka. Nami nikacheka, Kapteni akacheka bila kujua tunacheka nini, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Shangazi alipofuta macho akasema nililokuwa nalisubiri tangu mwanzo: "Haya, weka mapengo yako."

Kazi yenyewe si ngumu ukiifanya kwa utaratibu. Kompyuta inatunza mipangilio inayosema ni vipande gani vya kiini vimechaguliwa kwa ajili yake. Nikachukua mipangilio hiyo hiyo, nikakijenga kiini upya kutoka kwenye msimbo, na ujenzi ulipokwisha nikapata faili moja linaloeleza kila kipande kilijengwa kwa amri gani. Faili hilo nikakipa kihariri, nikafuta faharasa ya zamani, nikakiambia kisome yaliyomo humo tu. Safari hii Kapteni hakupata hata muda wa kusinzia. Shangazi alibonyeza lile jina la hodi, na badala ya orodha akapata jibu moja. Sehemu zisizotuhusu zilikuwa zimegeuka kijivu, kama vile huko wamezima taa.

"Sasa hii ni ramani," alikubali, kwa shingo upande.

Tukaanza upya pale kalamu inapogusa, yeye akiufuata mguso huo kwa kidole juu ya kioo. Ubao unapeleka namba kwenye waya. Namba zinapokelewa na draiva, kijiprogramu kinachojua lugha ya ubao huu na si ya kitu kingine. Draiva inazipeleka kwenye ofisi ya pamoja, ambako vitufe, vipanya na kalamu zote hupita. Na ndani ya ile draiva kuna mistari inayoutambulisha ubao: hapa ndipo mwisho wa kushoto, hapa mwisho wa kulia, hapa juu, hapa chini. Baada ya namba hizo kubwa, kuna sifuri imekaa peke yake.

"Hiyo sifuri ni ya nini?" shangazi akauliza.

"Hata sijui. Nyingi huwa hazina maana."

"Kwenye ramani kila namba ina maana. Bonyeza."

Nikabonyeza. Tukaingia kwenye ofisi ya pamoja, nikabonyeza tena, tukateremka hadi kwenye funksheni fupi ambayo ningeweza kuipita maisha yangu yote nisiione. Nikaanza kumsomea kwa sauti, nikitafsiri kadiri ninavyokwenda.

"Inapokea pale kalamu ilipokuwa, na pale ilipo sasa, na ile namba. Kama kalamu imesogea kidogo sana, chini ya nusu ya namba hiyo, basi inasema haikusogea. Inabaki na pale pa zamani. Kama imesogea zaidi kidogo, inachanganya: mafungu matatu ya pale pa zamani, fungu moja la papya. Zaidi ya hapo, nusu kwa nusu. Ikisogea sana, ndipo inakubali kwamba mtu amekusudia kwenda. Namba ikiwa sifuri haifanyi lolote, inapitisha kila kitu kama kilivyo. Imewekwa kwa ajili ya..."

Nikakwama. Nilikuwa nasoma kwa mdomo tu, na maana ikaja kunifikia nikiwa nimeshachelewa kunyamaza.

"Kwa ajili ya kitu kinachotetemeka," shangazi akasema.

Feni ilikwama upande wa ukuta na hakuna aliyeipiga kofi.

"Kwa vifaa vibovu," nikasema. "Vinavyotuma namba zisizotulia."

"Ubao wangu ni mbovu?"

Nilitazama kibodi. Nilizisoma herufi zake zote kana kwamba ni mara yangu ya kwanza kuziona.

"Uliujaribu ile siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa mlangoni na sinia. Nilikuona unavuta mistari, yote imenyooka. Nikasubiri useme. Ukaniambia ni mfumo."

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Na mimi nilisema tuutafute huo mfumo, maana nilitaka sana iwe kweli." Akageuza kichwa kuelekea kwenye kochi. "Na yule bwana pale ananipa nusu kikombe, anadhani sioni."

Kapteni alikuwa anachunguza dari kwa makini makubwa.

Nililia. Nililia kwa aibu na kwa mapenzi, vyote pamoja, kwa sababu nilifikiri muda wote ule mimi ndiye niliyekuwa namlinda. Yeye hakulia. Alikuwa ameirudia skrini, anaisoma ile funksheni tena kutoka juu, midomo inacheza.

"Huyu aliyeandika hapa," alisema, "hakumfukuza mtu. Angeweza kusema asiyetulia asishike kalamu, basi, yakaisha. Yeye kakaa chini, kafikiria, kamwekea nafasi. Futa machozi uje ubadilishe hiyo sifuri."

Kiini kilikuwa kimeshajengwa, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kuandika namba nyingine kwenye draiva na kuijenga draiva peke yake. Nikaweka namba kubwa, kwa furaha tu. Nikachomoa waya wa ubao, nikauchomeka. Shangazi akashika kalamu. Mkono ulitetemeka, safari hii sote tukiutazama bila kujificha, na kwenye skrini mstari ukatoka umenyooka kabisa, kutoka lango la hospitali hadi mwisho wa korido kuu. Nikapiga makofi. Kapteni akapiga mluzi kama yuko uwanjani.

Shangazi hakufurahi. Akajaribu kona ya maabara, kalamu ikawa inaganda halafu inaruka. Akajaribu kimshale cha kuonyesha kaskazini, ambacho tangu ujana wake hukichora na mkia uliojikunja kidogo. Mafundi wote wa ofisi yao waliijua kazi yake kwa mkia huo. Mkunjo ukapotea. Mashine iliuona ni mdogo mno, ikasema kalamu haikusogea.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, shangazi. Umenyooka kama zamani."

"Si mimi. Punguza."

Nikapunguza. Akachora kimshale, akakitazama, akatikisa kichwa. "Punguza tena." Nikajenga, nikachomoa, nikachomeka, akachora. Sikuwa na haraka yoyote, na sijui haraka yangu ilikuwa imekwenda wapi. Tuliendelea hivyo, namba ikishuka, mpaka mkia ukajikunja kwenye skrini kama unavyotakiwa, naye akaguna kwa kuridhika. Korido kuu nayo, ukiitazama kwa karibu, ilikuwa na mtikisiko mdogo, kama nyuzi za shati lililofuliwa mara nyingi.

"Naweza kuongeza kidogo tu huo mtikisiko uishe," nikamwambia.

"Acha hapo. Yule mzee wangu wa bahasha hatapotea kwa ajili ya huo. Na mimi nikipita pale ukutani nijione."

Akachora mpaka jirani akaja kuanua mashuka na ukuta ukabaki mtupu, wenye mwanga wa jioni. Lango, mapokezi, maabara, mlango ule uliokuwa ukimrudia yule mzee, halafu chumba cha eksirei. Alikuwa anakwenda polepole kuliko zamani, na hakuwa anaficha mkono wowote. Kisha akampigia mganga mkuu mwenyewe, akamwambia watafute misumari. Akaweka kalamu chini.

"Kapteni!" akaita. "Niletee chai. Na leo ujaze."

Kapteni alisimama na birika mkononi, akanitazama, safari hii akanitazama kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Akamimina mpaka ukingoni. Shangazi akakichukua kikombe kwa mkono mmoja, ule ule wa kalamu. Chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani, kidogo mezani, naye akaendelea kunywa taratibu, na hakuna aliyekimbilia kitambaa.